Gemu ya zamani kwenye runinga mpya: Kosa ni la nani?

SI ajabu Jumapili alasiri kumkuta mzazi katika mtaa wa Buruburu, Umoja au Kayole amepiga magoti kando ya kitanda, akivuta kutoka mvunguni kasha la kadibodi aliloliweka huko miaka mingi iliyopita. Ndani ya kasha hilo mna mashine ya michezo ya video, padi mbili ambazo nyaya zake zimesokotana, na kaseti kadhaa za plastiki ambazo picha zake zimebambuka. Watoto huitwa sebuleni. Mama naye husogeza kiti. Leo, baba anatangaza, mtaona mchezo wa kweli, si hiyo yenu ya simu.

Mpenzi msomaji, iwapo jambo hili limewahi kutokea nyumbani kwako, basi unajua yaliyofuata. Runinga pana iliyoangikwa ukutani, ile iliyonunuliwa kwa pesa za chama, inaonyesha picha kama kitu kinachotazamwa kupitia kitako cha chupa ya soda. Rangi nyekundu imevuja hadi nje ya mipaka yake. Mario, yule fundi wa mabomba ambaye baba anamkumbuka akiwa na umbo la wastani, amenenepa na kuwa mbilikimo. Unabonyeza aruke, naye anaruka akiwa tayari ametumbukia shimoni. Baada ya dakika kumi watoto wamerudi kwenye simu zao, na mwenye nyumba ametoa hukumu kwamba mashine imekufa.

Aghalabu hukumu hiyo huwa si ya haki. Mashine ni nzima, na runinga ni nzima pia. Taabu ni kwamba vyombo hivi viwili viliundwa kwa nyakati tofauti, na kila kimoja kinatarajia kutoka kwa mwenzake kitu ambacho mwenzake hana. Anayejua tofauti hiyo hawezi kutupa mashine nzima, wala kutoa pesa kwa kifaa asichokihitaji.

Kaseti za kupuliza

Wengi wa waliokulia Eastlands katika miaka ya 1990 hawakuijua Nintendo yenyewe. Kampuni hiyo ya Japani ilitoa mashine yake ya Famicom mwaka wa 1983, lakini zilizokuwa za kawaida katika vyumba vya Jericho, Mbotela na Dandora ni mashine za kuiga, zilizoundwa Taiwan au China na kuuzwa kwa bei nafuu pamoja na kaseti iliyodai kuwa na mamia ya michezo. (Ukihesabu vyema ulikuta ni michezo michache tu inayojirudia kwa majina tofauti.) Waliobahatika walikuwa na Sega Mega Drive, iliyozinduliwa Japani mwaka wa 1988. Kisha ikaja PlayStation, iliyotoka huko huko Japani mnamo Desemba 1994, na ambayo baadaye iliwajaza vijana katika vibanda vya mtaani ambako mtu alilipia mchezo mmoja mmoja kwa sarafu.

Runinga za wakati huo zilikuwa zile zenye mgongo, au kichogo kama wengine wanavyosema. Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ilipendwa sana kwa kuwa iliweza kutumia betri ya gari mahali pasipokuwa na stima. Mwandishi wa makala haya alijifunza mchezo wa Contra kwenye Great Wall ya jirani, na ugomvi ulikuwa ni kila siku, kwa sababu askari wawili wa mchezo huo hutofautishwa kwa rangi ya suruali: mmoja buluu, mwingine nyekundu. Kwetu sisi wote wawili walivaa kijivu. Hakuna aliyekubali kwamba aliyekufa ni wake.

Hata hivyo, kijivu hicho kilikuwa safi. Hakuna aliyelalamika kuhusu ukungu.

Mistari na vigae

Ndani ya runinga ya kichogo mna chupa kubwa ya kioo isiyo na hewa. Nyuma yake kuna kifaa kinachorusha miale ya elektroni. Miale hiyo hupita kwenye kioo kutoka kushoto hadi kulia, mstari baada ya mstari, na kila inapogonga unga uliopakwa kwa ndani, unga huo hung'aa. Katika mfumo wa PAL ambao ulitumika Kenya, picha nzima ilikuwa na mistari 625, lakini haikuchorwa kwa mpigo mmoja. Kwanza ilichorwa mistari ya witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea, kisha ya shufwa, na nusu hizo zikapokezana mara 50 kwa kila sekunde.

Mashine za michezo za zamani zilikuwa na ujanja wao. Badala ya kutuma nusu mbili zinazopishana, zilituma mistari yao mahali pale pale kila mara. Hivyo picha ilitulia bila kutetema, na kati ya mstari na mstari pakabaki vijia vyembamba vyeusi. Vijia hivyo, pamoja na mng'ao laini wa kioo, vililainisha nukta kubwa za mchezo zikaonekana kama uso, jani au wingu. Wachoraji wa michezo hiyo nao walikuwa wakizitazama kazi zao kwenye runinga za aina hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye runinga bapa. Hii haina miale. Ina nukta zilizopangwa kama vigae vya sakafu, na idadi yake haibadiliki hata ufanye nini. Picha ya Famicom ina nukta 256 kwa upana na 240 kwa kimo, yaani 61,440 kwa jumla. Runinga ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili. Kwa hivyo kila nukta moja ya Mario hulazimika kujaza nafasi ya nukta zaidi ya 30. Na mwanafunzi yeyote wa darasa la sita anaweza kukuonyesha kwamba hesabu yenyewe haigawanyiki vizuri: 1080 ukigawanya kwa 240 unapata 4 na nusu. Nusu ya kigae haipo. Runinga hubidi ikisie, na kukisia huko ndiko kunakoleta ukungu.

Kuna kosa jingine, tena hili ni baya zaidi. Runinga bapa inapopokea ile mistari inayorudi mahali pamoja, nyingi hudhani kwamba ni witiri na shufwa za picha moja, zikajaribu kuzifuma pamoja kama mkeka. Matokeo yake ni kwamba kila kitu kinachosonga huota meno ya kitana pembeni. Mhusika aliyeguswa na adui, ambaye kwa kawaida huwakawaka kwa muda, huweza kutoweka kabisa kwa sababu runinga imeokota zile nusu ambazo hayumo.

Isitoshe, kazi ya kufuma na kukisia huchukua muda. Runinga nyingine huichelewesha picha kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mtu anayetazama habari za saa tatu hilo si kitu. Kwa mchezo unaochora picha 50 kwa sekunde, hizo ni picha tano zilizokwisha kupita kabla wewe hujaziona. Ndiyo maana mtu aliyekuwa bingwa wa ploti nzima leo huonekana mzembe mbele ya watoto wake.

Tundu la kijani

Kabla ya kumwita fundi, anza na waya.

Mashine za kuiga Famicom nyingi huja na waya wa kuchomeka pale pa ariali. Waya huo ndio dhaifu kuliko zote. Mashine huifunga picha pamoja na sauti ndani ya wimbi, kama kituo kidogo cha runinga, kisha runinga yako huanza tena kazi ya kulifungua. Kila hatua hupunguza kitu, na njiani waya hudaka takataka kutoka kwa vyombo vya umeme vya majirani. Ukikuta mashine yako ina tundu la manjano ubavuni, achana na ariali. Tundu la manjano hupitisha picha peke yake, na jekundu au jeupe hupitisha sauti. Tofauti utaiona papo hapo, hata kwenye runinga bapa.

Swali ambalo huwasumbua wengi ni hili: waya wa manjano uchomekwe wapi, ilhali runinga mpya haina tundu la manjano? Tazama nyuma yake vyema. Kwenye runinga nyingi tundu la manjano limeunganishwa na lile la kijani, na mara nyingine utaona duara la kijani lenye ukingo wa manjano. Chomeka manjano kwenye kijani. Baadaye, kwa rimoti, chagua AV wala si ile njia ya nyaya tatu za rangi, kwa kuwa ukikosea hapo utapata picha nyeusi na nyeupe na kuanza kuilaumu mashine. Runinga nyingine zina kitundu chembamba kama cha spika za masikioni, na waya wake mfupi ulikuja ndani ya katoni. Wengi wetu huutupa pamoja na katoni. Ukinunua mwingine, jaribu pale pale dukani, maana mpangilio wake hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Rangi zikikosekana kabisa hata baada ya hayo, huenda mashine au diski yako ni ya mfumo wa Japani na Marekani uitwao NTSC. Hapa, kusema kweli, ni runinga ya kichogo inayolemewa zaidi: nyingi za zamani zilijua PAL pekee, na zilipopewa NTSC zilitoa picha ya kijivu au ikawa inapanda juu bila kukoma. Runinga bapa nyingi hujua mifumo yote miwili. Tafuta kwenye menyu neno PAL au NTSC na ubadilishe kwa mkono.

Na je, picha ipo lakini sauti ni kelele kama za nyuki? Tatizo hili huwapata wanaotumia ariali. Kenya ilitumia mtindo wa PAL ambao sauti hukaa megahezi 5.5 kutoka kwa picha. Uingereza sauti ilikaa megahezi 6, na China 6.5. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la China, au runinga kuukuu iliyoletwa kutoka Uingereza, haitakutana na mwenzake wa hapa. Kwenye menyu ya runinga utaona herufi BG, I na DK. Zijaribu moja moja kabla ya kuamini kwamba kuna kitu kimeungua.

Umbo nalo lisikusumbue. Michezo ya zamani ilichorwa kwa kioo cha 4 kwa 3, na runinga ya leo ni 16 kwa 9, kwa hivyo huivuta picha kwa upana. Chagua 4:3, ukubali pande mbili zibaki nyeusi, na Mario atakonda mara moja. Punguza pia ule ukali wa picha ambao viwanda huuweka juu ili runinga ing'ae dukani. Kama kuna hali ya kuchezea gemu, iwashe. Huondoa sehemu ya kule kuchelewa.

Kuhusu picha iliyojaa herufi na vipande vilivyovurugika, hiyo si kazi ya runinga bali ni uchafu kwenye meno ya kaseti. Sote tulipuliza. Nintendo yenyewe ilionya watu wasipulize, kwa sababu unyevu wa pumzi huyala meno hayo. Tumia pamba kidogo na spiriti ya dukani, ngoja ikauke, kisha rudisha. Na mistari minene inayopanda polepole mara nyingi hutoka kwa adapta. Soma volti zilizoandikwa chini ya mashine pamoja na ule mchoro mdogo wa chanya na hasi, maana adapta inayoingia tunduni si lazima iwe ndiyo.

Vijisanduku vya Luthuli Avenue

Ukishuka mjini hadi Luthuli Avenue utapata vijisanduku vidogo vinavyopokea nyaya za manjano, nyekundu na nyeupe upande mmoja na kutoa HDMI upande wa pili. Bei yake si ya kutisha, na kama runinga yako haina tundu lingine lolote, huna budi kukinunua. Lakini usitarajie picha nzuri zaidi. Kijisanduku cha bei ya chini hufanya kosa lile lile la kufuma mistari isiyohitaji kufumwa, kisha humkabidhi runinga picha ambayo nayo itaikisia kwa mara ya pili. Ucheleweshaji huongezeka.

Vipo vifaa vilivyobuniwa hasa kwa kazi hii, kama vile OSSC na RetroTINK, ambavyo huielewa ile mistari ya zamani na kuirudufu bila kuifuma. Ni vizuri sana. Lakini bei yake, ukiongeza usafiri na ushuru, huweza kuipita ile ya mashine yenyewe mara kadhaa. Kwa familia inayocheza Jumapili moja kwa mwezi, mimi sioni sababu, hasa ikiwa kwa nyanya kuna kichogo kimekaa bure.

Kichogo cha nyanya

Mwaka wa 2015 Kenya ilipomaliza kuzima mitambo ya analogi, runinga nyingi za kichogo zilihitaji king'amuzi ili zionyeshe chochote. Familia nyingi ziliona heri kuongeza pesa na kununua bapa. Kichogo kikahamia stoo, juu ya kabati, au chini ya turubai pale rosheni. Kwa habari na vipindi, hakina faida kubwa tena. Kwa michezo ya kaseti, hakuna runinga bora kuliko hiyo.

Kama unabisha, tafuta ile bunduki ya plastiki iliyokuja na mashine nyingi za kuiga, na mchezo wa Duck Hunt uliotoka Japani mwaka wa 1984. Kwenye runinga bapa unaweza kufyatua siku nzima na bata asianguke. Si kwamba umezeeka. Bunduki hiyo hairushi kitu chochote. Ndani yake mna jicho linalopokea mwanga. Unapofyatua, mchezo huifanya skrini iwe nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha huchora mraba mweupe mahali alipo bata, na jicho hutarajia kuuona mwanga huo wakati ule ule. Kichogo huuchora papo hapo. Bapa huuleta ukiwa umechelewa, na jicho limekwisha kuamua kwamba umekosa.

Ukikitoa kichogo stoo, kifute vumbi, ukiache wazi kwa nyuma kipate hewa, na ukiweke mahali ambapo mtoto hawezi kukivuta kikamwangukia, kwani ni kizito upande wa mbele. Picha ikisinyaa pembeni nyakati za jioni, huenda ni stima ya ploti iliyopungua nguvu wakati kila mtu anapika. Ikiwa imesinyaa mchana kutwa, basi vipuri vya ndani vimechoka, na hapo ndipo fundi anapoingia. Fundi, wala si wewe, wala si kijana wako wa kidato cha tatu aliyefaulu fizikia. Runinga ya rangi ya kichogo hutumia umeme wa hadi volti 25,000 hivi ndani yake, na chupa ya kioo huweza kuhifadhi sehemu ya umeme huo hata baada ya kuchomolewa ukutani. Mafundi wa Kariobangi waliozoea kazi hii huutoa umeme huo kwanza kabla ya kugusa kitu. Asiyejua hufa.

Na kama kweli hukitaki, tafadhali usimpe mkusanya taka akipeleke Dandora. Kioo cha runinga hizo kilichanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi, na runinga moja ya rangi huweza kuwa na zaidi ya kilo moja ya madini hayo. Kikiwa kizima hakimdhuru anayekitazama. Hatari huja pale wavulana wanapokivunja kwa nyundo wakitafuta shaba iliyozungushwa shingoni, na vipande vikabaki kwenye udongo. Mwaka wa 2007 UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira lenye makao yake Gigiri, lilitoa utafiti uliowapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Runinga si chanzo pekee cha sumu hiyo, kwa kuwa jaa hilo limepokea taka za kila namna tangu miaka ya 1970, lakini hakuna haja ya kuiongezea.

Kituo cha WEEE Centre kilichoko Utawala, upande wa Embakasi, hushughulikia vyombo vya umeme vilivyokwisha kazi, runinga za kichogo zikiwemo. Kutoka Kayole au Donholm si safari ndefu. Kipeleke kikiwa hakijafunguliwa wala kupasuliwa, mgongo ukiwa umefungwa kwa skrubu zake zote, na nyaya za nyuma zikiwa zimechomolewa. Zile za manjano, nyekundu na nyeupe zibakize nyumbani, ndani ya lile kasha la mvunguni.